Petro na Shubiri Moja

Siku mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani na daftari jipya. Saa bado iko kwenye boksi lake, maana sina tena pa kuchelewa. Daftari ndilo hili. Mkuu wenu alinisihi niandike jinsi tulivyokuwa tukikarabati mashua za matanga, kwa sababu mambo yasipoandikwa hupotea. Nikamjibu kwamba hata kuandika kuna hatari zake. Akacheka kwa adabu, akadhani ni unyenyekevu wa mtu mzima. Hakuwepo wakati ule, kwa hiyo hajui kwamba ujumbe wangu mmoja wa simu uliwahi kumuua mtu aliye hai.

Hilo nitalifikia. Nianze mwanzo.

Nilizaliwa Ngenge, upande wa Muleba ambako watu huzungumzia mvua na mihogo kuliko ziwa. Niliolewa Kagondo nikaja na cherehani yangu, nikawa nashona sare za shule na kanzu za kwaya ya usharika wetu. Kazi ya mashua niliipata kwa makosa. Nilisikia karakana inatafuta fundi wa kushona turubai kubwa, nikaenda nikijua ni la harusi. Nikamkuta mzee mwembamba amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, ananoa tezo. Huyo ndiye Ta Petro, maana kwetu mzee huitwa Ta na mama huitwa Ma. Hakuniuliza cheti wala nilikofanya kazi. Aliniuliza kama nimewahi kuona tanga. Nikasema sijawahi. Akasema afadhali, maana wanaosema wamewahi huwa wameona picha.

Alinipa kitambaa kizito cha pamba, vipimo kwa mdomo, na siku tatu. Nikashona mishono iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kushona. Akakitandaza chini, akakizunguka mara mbili, kisha akachukua wembe akaanza kufumua. Nilishtuka hata nikashindwa kukasirika.

"Ma Editha, hili ni pazia," alisema. "Zuri sana. Lakini pazia linaning'inia, tanga linabeba. Tanga lazima liwe na tumbo. Upepo utakaa wapi?"

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na kwa kweli ndilo somo lenyewe. Kingo hukatwa kwa mviringo kidogo, na katikati unaachia kitambaa kilegee, kiasi cha kiganja au zaidi, kulingana na ukubwa. Macho ya mshonaji wa nguo yanakataa. Yanataka kunyoosha. Ilinichukua miezi kuufundisha mkono wangu kukosea kwa makusudi. Vifaa vyangu vilikuwa vitatu tu: sindano ya kushonea magunia, kipande cha ngozi ya ng'ombe nilichokivaa kiganjani cha kusukumia sindano, na donge la nta ya nyuki la kupaka uzi. Cherehani niliiacha nyumbani. Ninyi mnaopenda mashine, jueni kwamba uzi wa cherehani ziwani unakaa msimu mmoja, kisha unamwaga watu.

Karakana wakati ule ilitengeneza milango, vitanda na madirisha, na majeneza watu walipohitaji. Kitengo cha mashua kilikuwa mimi na Ta Petro, nyuma ya stoo. Deo aliongoza mafundi wa mbele. Alikuwa mtu mwema asiyependa maji. Hakuwa amekanyaga kisiwa hata kimoja, na matanga yangu aliyaita "yale maturubai yenu". Sikumlaumu. Tangu injini zienee ziwani, mjini hapakuwa na mtu wa kulihitaji neno tanga. Matanga watu waliyasikia msibani tu, inapotangazwa kwamba yataondolewa siku fulani. Tulifanya kazi chini ya paa moja miaka yote hiyo, wala haikunijia kwamba mimi na Deo hatuna neno hilo kwa maana moja.

Mnaniuliza kila mara kuhusu kazi ngumu. Ngumu ya kwanza ilikuwa mashua ya mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani. Ilikuwa inavuja, na badala ya kuziba kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kama ilivyo desturi, mwenyewe aliijaza saruji kwenye nyufa zote, ndani na nje. Alitueleza kwa fahari kwamba ilikuwa saruji nzuri. Ta Petro aliinama akagongagonga ukingo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniangalia.

"Waitu, ndugu yangu, ungemalizia na choo kabisa," alimwambia.

Tulibandua saruji ile kwa patasi wiki mbili. Chini yake mbao zilikuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Maji yakishaingia nyuma ya saruji hayana pa kutokea, yanakaa humo yanakula. Ndiyo sababu huwa nawagombeza mnapoziba haraka msichokichunguza.

Lakini kilichonishtua kuliko saruji ni siku nilipoona kwa mara ya kwanza Ta Petro akizamisha mashua. Tulikuwa tumeifanyia kazi miezi mitatu. Tumebadilisha mbao, tumepiga randa, tumepaka mafuta. Akaita wanaume, wakaisukuma hadi majini, kisha wakaanza kuijaza mawe. Wakaijaza hadi ikatulia chini, maji yakapita juu yake. Mimi nilikaa mchangani nikajishika kichwa. Nilidhani mzee amerukwa na akili, na kwamba nitarudi kwenye kanzu za kwaya.

Alikuja akakaa karibu nami, akaeleza kwa upole. Mbao ikikauka inajikunja, na kati ya ubao na ubao nafasi inafunguka. Hata uzibe vipi, safari ya kwanza itavuja. Lakini ukiizamisha siku kadhaa, mbao inakunywa, inavimba, inajibana yenyewe. Kisha unatoa mawe, unachota maji, na mashua inakaa kavu ndani. "Mbao ina kiu," alisema. "Mpe anywe kwanza, ndipo umtume." Kuanzia hapo sisi wawili tuliongea habari ya mashua kuzama kama ninyi mnavyoongea habari ya rangi kukauka. Ilikuwa hatua ya kazi. Tuliiandika hata kwenye ratiba ukutani, ambayo Deo hakuwahi kuisoma.

Sasa nifike kwa Mpolampola.

Hiyo ilikuwa mashua ya ndugu wawili wa kisiwa cha Bumbire. Babu yao alibebea ndizi na kahawa, na ilikuwa ya mwisho tuliyoijua upande ule yenye nafasi ya matanga mawili, kubwa na dogo la mbele. Ilikuwa imelala kwenye majani miaka mingi, kuku wanatagia ndani. Ndugu wale walitaka isafiri tena kwa upepo, bila injini. Ta Petro aliposikia maneno "bila injini" aliinuka akaenda nje. Mashua zote tulizokarabati kabla, wenyewe walizifunga injini hata rangi haijakauka. Matanga yangu waliyafanya mahema ya kuanikia dagaa. Mzee alikuwa ametengeneza mashua maisha yake yote, na kwa miaka mingi hakuwa ameona hata moja ya mikono yake ikiondoka kwa upepo. Na mikono yenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa yote miwili. Aliniambia hii ndiyo ya mwisho, na sikuwa na ujasiri wa kubisha.

Tulikaa kisiwani muda mrefu, tukienda na kurudi. Kazi yote ilikwenda vizuri isipokuwa kitu kimoja. Katikati ya mashua kuna ubao wa kukalia unaokatisha kutoka upande hadi upande, wenye tundu ambamo mlingoti unapita. Upepo ukija, uzito wote wa tanga unaangukia pale. Wa zamani ulikuwa umeoza. Mbao za sokoni, za paini na mkaratusi, zingepasuka siku ya kwanza. Ila Ta Petro alikuwa na wake. Baba yake, naye fundi wa mashua, alimwachia mbao nne za mvule, na mmojawapo ulikuwa mpana kuliko niliowahi kuona. Zilikaa chini ya upenu nyuma ya nyumba yake Ijuganyondo, pale Bukoba, tangu kabla sijaolewa. Watu walizitaka kwa meza, wakazitaka kwa milango. Aliwakatalia wote. Alikuwa anasubiri mashua inayostahili, na sasa ilikuwa imekuja. Bila ubao ule hakuna mlingoti, na bila mlingoti hakuna safari.

Kupima, hakutumia futi. Alilala chali kukatisha mashua, pale pa mlingoti, nyayo zikagusa upande mmoja. Kichwa chake hakikufika upande wa pili. Akaniambia niweke shubiri yangu, kidole gumba hadi cha mwisho, juu ya utosi. Ikajaa barabara.

"Andika," alisema akiwa bado amelala. "Petro na shubiri moja."

Nikaandika. Daftari lile la zamani ninalo mpaka leo.

Jumanne tukaizamisha. Ilipangwa kwamba Ta Petro abaki kuiangalia, mimi nivuke kwenda Ngenge kwa dada yangu, mwenye uwanja mpana, nikamalizie pindo. Ijumaa tungekutana Muleba mjini, twende pamoja Bukoba kuchukua mbao, na Jumamosi tusimamishe mlingoti na kupandisha matanga. Nilipofika mwalo wa upande wa Muleba, pale mashua zinapotia nanga, simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Ta Petro simu yake ilikaa kabatini kwa mkewe. Alisema inamwita kuliko anavyotaka kuitwa. Nikamwandikia Deo, maana gari la karakana lilikuwa chini yake. Niliandika hivi:

"Mashua imeshazama. Ta Petro amebaki huko. Matanga Jumamosi. Andaeni mbao za Ta Petro."

Simu ikazima. Nilijisifu kwa ufupi wangu. Kwa dada umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo siku zote zile nilishona kwa amani kamili.

Ijumaa, kama saa nane mchana, mimi na Ta Petro tuliingia Ijuganyondo kwa miguu kutoka barabarani. Kwa mbali, kati ya migomba, tukaona turubai la bluu. Viti vya plastiki. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, sufuria kubwa zimeinjikwa kwenye mawe matatu. Ta Petro alivua kofia, kama mtu anavyotakiwa.

"Kuna msiba kwa jirani," alisema. "Tupite tuwape pole kwanza."

Tukasogea. Turubai halikuwa kwa jirani. Lilikuwa limefungwa kamba kwenye paa la nyumba yake. Akasema jina moja tu, "Verena," ambalo ni la mkewe, kisha akakimbia. Mzee ambaye hakuweza kushika kikombe kwa mkono mmoja alikimbia hadi nikabaki nyuma na fuko langu la matanga. Alimfikia mwanamume wa kwanza mlangoni pa kibanja cha migomba kinachozunguka nyumba, mwimbaji mwenzake wa sauti ya nne katika kwaya ya usharika, akamshika bega.

"Niambie ukweli. Ni mke wangu?"

Yule mtu alimtazama usoni.

"Hapana, Ta Petro," alisema. "Ni wewe."

Watu zaidi ya hamsini walisimama. Mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi aliendelea kuzungusha kisu, ndizi imeshaanguka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa. Nilidhani kuna Petro mwingine.

Ndipo Ma Verena akatokea nyuma ya nyumba. Hakuwa amejifunga kitenge cha msiba. Alikuwa na jembe mkononi, miguu ina udongo, na wanawake wawili wakimfuata kumnyang'anya lile jembe, maana wakati wa msiba hakuna kulima. Baadaye niliambiwa kwamba tangu Jumanne alikataa kukaa na waombolezaji kwenye majani yaliyotandikwa chini, na watu walikuwa wakinong'onezana kwamba uchungu umemvuruga akili. Alimwangalia mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Matanga mmekuja nayo?" aliuliza.

Nikamwonyesha fuko. Akaliangusha jembe, akakaa chini palepale, akaanza kulia kwa mara ya kwanza. Ma Verena alizaliwa Bumbire, baba yake alikuwa nahodha. Waliposomewa ule ujumbe, yeye peke yake alisikia habari ya kazi. Aliwaambia. Wakamwambia pole mama, jikaze. Sitasahau alichosema pale chini, amemshika Ta Petro kifundo cha mguu:

"Nilijua. Lakini nilipoona watu wote wanalia, na wengine ni walimu, nikaanza kuogopa kwamba mimi ndiye sijui Kiswahili."

Deo alikuwa chini ya upenu. Nyuma yake, juu ya stuli mbili, lilikuwa jeneza. Lilipigwa randa hadi likang'aa. Ta Petro alilisogelea, akapitisha kiganja juu yake, nikaona kiganja kimesimama. Kufa kwake kulikuwa kumemshtua. Hiki kilimshtua zaidi. Aliinama akanusa mbao.

"Deo. Hizi umezitoa wapi?"

"Hapa nyuma, mzee wangu." Machozi yalimtoka Deo bila kujificha. "Ujumbe ulisema tuandae mbao za Ta Petro. Na mimi nikasema huyu mtu hawezi kulala kwenye paini. Hapana. Nikachukua zile alizozipenda."

Walikuwa wamenipigia tangu Jumanne bila kunipata, wakaamua kusubiri mwili. Nikaomba simu yake, nikausoma ujumbe wangu. Niliusoma mara tatu. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa linamzika. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilitaka ardhi inimeze, na nasema hivyo si kwa kupamba. Hata ningeandika turubai badala ya matanga, nisingemwokoa, maana nalo ni la msibani.

Ta Petro alikaa kwenye kiti cha plastiki cha msiba wake mwenyewe, akalia. Aliulilia ubao. Alimlilia baba yake aliyeupasua kwa msumeno wa mikono miwili, na mashua iliyoko chini ya maji inamsubiri. Kisha hasira ikaja, akamwita Deo mpumbavu mbele ya watu, akaniita mimi mpumbavu wa kusoma na kuandika. Tulistahili sote. Watu walianza kuondoka kimya kimya, wengine wakimgusa mkono wakipita, kuhakikisha.

Ni Deo aliyerudisha uhai pale, bila kujua. Alikuwa anajitetea tu.

"Ubao ule mpana sikuukatakata, mzee. Ni ule wa chini, ni mzima. Nimekata urefu tu. Jeneza si urefu wa mtu na shubiri moja?"

Mimi na Ta Petro tukatazamana. Nililitoa daftari fukoni, nikafungua ukurasa, nikampa. Alisoma. Aliinuka.

"Nipe mtarimbo," alisema.

Mama mmoja wa usharika akajaribu kuzuia. Akasema jeneza lililokwisha kuingia uani halivunjwi, ni mkosi, litatafuta mtu. Ta Petro alimwambia, "Basi limeshanipata," akaanza kung'oa misumari mmoja mmoja, polepole, ili mbao zisipasuke. Deo akapiga magoti upande wa pili, akamsaidia. Walipoutoa ubao wa chini, Ta Petro alilala kwenye majani ya msiba, nikamweka ubao ubavuni, nikaweka shubiri utosini. Ulipungua vidole viwili.

"Ulinikumbuka mfupi," alimwambia Deo.

"Ulikuwa umeanza kuinama, mzee."

Vidole viwili si kitu. Tuliviziba kwa kabari ya mvule uleule, upande wa kushoto. Jumamosi jioni mlingoti ulisimama, na Mpolampola ikaondoka kwenye mwalo wa Bumbire kwa matanga mawili, bila injini. Ma Verena alikuwa ufukweni. Deo naye alikuja, ameshika mti kwa mikono yote miwili ingawa alikuwa nchi kavu. Ta Petro alikaa juu ya ubao wake, mgongo kwenye mlingoti. Tanga lilipojaa upepo, likafanya tumbo, alinitazama mimi niliyekuwa kwenye usukani pamoja na wale ndugu, akaitikia kwa kichwa mara moja. Sikuwahi kupata sifa nyingine kutoka kwake, wala sikuihitaji.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Alipenda kuwaambia watu kwamba amekwisha kuzikwa, sasa anatembea bure.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa Ngenge kwa dada, likizo. Ujumbe ukaingia kutoka kwa Deo. Ulisema: "Matanga Jumamosi. Njoo na vifaa, Ma Editha." Nilicheka peke yangu uani. Nilifikiri hatimaye Deo amejifunza neno letu, na kwamba tanga la ndugu wa Bumbire limechanika. Nikafunga sindano, ngozi na nta. Nikabeba na kipande cha tanga kuukuu la Mpolampola cha kutilia viraka. Nikaelekea kwanza Ijuganyondo kwa Ta Petro, na njia nzima nilikuwa na furaha.

Turubai nililiona kwa mbali, kati ya migomba, bluu ileile. Hata hapo sikuelewa. Nilifika hadi mlangoni pa kibanja na fuko langu begani. Ma Verena alikuwa amekaa kwenye majani, kitenge kimefungwa kiunoni. Hakuniuliza chochote.

Jeneza lingekuwa la paini. Mvule uko ziwani. Deo alikuwa ameacha kupima hadi nifike. Alinyoosha mkono, nikampa daftari la zamani, na safari hii hakupunguza vidole. Kisha akaniomba nishone kitambaa cha ndani, kwa sababu, alisema, nani mwingine. Nikakaa chini ya upenu, nikapaka uzi nta, nikashona kwa lile tanga kuukuu. Sikuwa natazama vizuri. Nilipomaliza tukalitandaza ndani, Deo akapitisha kiganja katikati, akaona kitambaa kimelegea.

"Hapa hakijakaza, Ma Editha. Nivute?"

Nilitazama. Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe.

"Acha," nikamwambia. "Ni tumbo."